Nani Anakumbuka? Uamuzi wa Kimaadili na Hatima ya Hadithi katika Gemu za Kuvaa Uhusika

1.0 Utangulizi

Gemu za kuvaa uhusika, yaani michezo ya kompyuta ambamo mchezaji hubeba nafsi ya mhusika na kumwendesha ndani ya hadithi ndefu, zimezoeleka kuhakikiwa kwa kuhesabu. Mhakiki huuliza gemu ina hatima ngapi, uamuzi upi unafungua tawi lipi, na mchezaji mwema anaishia wapi akilinganishwa na mchezaji mwovu. Makala hii inauhoji utaratibu huo. Inadai kwamba wingi wa matawi hauupi uamuzi wa kimaadili uzito wake. Uzito hutokana na kumbukumbu, yaani kuwapo kwa mtu au kitu, ndani ya hadithi au nje yake, kinachojua mchezaji alitenda nini hata baada ya yeye kulifuta tendo lake.

Aarseth (1997) alizieleza matini za aina hii kuwa ni matini zinazomdai msomaji kazi: asipotenda, hadithi haisogei. Maelezo hayo yana manufaa, lakini kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Kiafrika hayashangazi sana. Mulokozi (1989) alikwisha kusisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Hadhira isiyoitikia huiua hadithi mdomoni mwa fanani. Bascom (1975) naye alikusanya ngano za mtanziko kutoka sehemu nyingi za Afrika, ngano ambazo msimulizi huzikatisha kwa makusudi ili wasikilizaji wabishane ni nani mwenye haki. Kwa hiyo hadhira kushiriki katika kuamua si jambo lililoletwa na kompyuta. Lililoletwa na kompyuta ni faragha. Katika ngano ya mtanziko msikilizaji huamua mbele ya watu, na kesho yake jirani atamkumbusha msimamo alioushika. Katika gemu mchezaji huamua akiwa peke yake, na akijuta hurudi pale alipohifadhi mchezo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wahenga waliosema majuto ni mjukuu hawakukutana na kitufe cha kurudia.

Nakiri mapema kwamba hoja hii haikuzaliwa maktabani. Ilizaliwa jikoni kwa mama yangu, Ibaba, wilayani Ileje, wakati wa baridi, nilipokuwa likizo na kompyuta mpakato iliyokusudiwa kuandikia tasinifu. Tukio hilo nitalieleza katika sehemu ya nne, na silitoi kama data ya utafiti wa uwandani. Ni jioni mbili na familia moja. Nalitumia kama mhakiki anavyoweza kutumia onyesho moja la tamthiliya alilolihudhuria.

2.0 Vipimo na ujira

Gemu ya kwanza kuyafanya maadili kuwa lengo kuu la safari ilikuwa Ultima IV, iliyobuniwa na Richard Garriott na kutolewa mwaka 1985. Haina adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Mchezaji anatakiwa kukamilika katika fadhila nane, na programu inazihesabu kimyakimya. Kuna muuza dawa kipofu ambaye mchezaji humhesabia fedha mwenyewe. Anaweza kumpunja, na kipofu hatalalamika. Baadaye sana, pengine mchezaji akiwa amekwisha kusahau, uaminifu wake unakutwa umepungua. Hapa, mwanzoni kabisa mwa historia ya utanzu huu, tayari kuna jambo ambalo gemu nyingi zilizofuata zililipoteza: dhambi isiyo na kelele, inayojulikana kwa mtendaji na kwa programu tu.

Zilizofuata zilikileta kipimo hadharani. Katika Star Wars: Knights of the Old Republic (2003), kila tendo humsogeza mchezaji upande wa nuru au upande wa giza, naye huona amefika wapi. Mass Effect (2007) iligawa sifa katika mikondo miwili, na katika sehemu yake ya pili (2010) baadhi ya kauli zenye nguvu hazipatikani mpaka mchezaji awe amejaza vya kutosha kipimo cha mkondo mmoja. Matokeo yake yanafaa kutazamwa kwa makini. Mchezaji anayetaka kauli hizo hana sababu ya kulipima kila tukio kwa haki yake. Huchagua mkondo siku ya kwanza, akaushikilia. Maamuzi yanaonekana mamia, lakini aliyeamua ameamua mara moja, na yaliyobaki ni ukusanyaji wa ujira. Wema unaolipwa papo hapo kwa alama ni biashara, na sioni kwa nini mhakiki auite jina jingine.

Wachezaji wenyewe waliuhisi upungufu huu, ingawa walilalamikia mahali pengine. Mass Effect 3 ilipotoka Machi 2012, wengi walikasirika kuwa safari ya gemu tatu ilikusanywa katika hatima chache zinazofanana mno, na kampuni iliyoitengeneza ikalazimika kutoa hatima iliyorefushwa mwezi Juni mwaka huohuo. Malalamiko yalihusu idadi na ufafanuzi wa matawi. Kwa maoni yangu waliyakosea mashtaka. Hata hatima mia moja zisingetibu gemu ambayo mchezaji wake aliacha kuamua tangu siku ya kwanza.

The Witcher 3 (2015) ilijaribu dawa tofauti: iliondoa kipimo na kuchelewesha matokeo. Geralt anakutana na roho iliyofungwa chini ya mti kilimani. Akiifungua, watoto yatima wa kinamasini wanaokoka, lakini kijiji kinaangamia, mke wa Baroni anakufa, na Baroni mwenyewe anajinyonga. Akiiua, watoto wanaliwa, ila Baroni anaondoka na mkewe aliyerukwa na akili kwenda kumtafutia tiba. Mchezaji hapewi alama kwa lolote kati ya hayo, wala hajui wakati wa kuamua kwamba anaamua juu ya ndoa ya mtu. Ni kazi nzuri sana. Hata hivyo, akishayaona matokeo anaweza kurudi nyuma saa tatu za mchezo na kuchagua tena, na katika mkondo wa pili hakuna atakayemuuliza kuhusu wa kwanza. Hadithi inakumbuka mbele tu.

Kwa upande mwingine, gemu inaweza kubeba uzito wa kimaadili bila matawi yoyote. Tales of Kenzera: ZAU, iliyotolewa Aprili 2024 na studio iliyoanzishwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, inachota kutoka katika imani za Kibantu na inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Si gemu ya kuvaa uhusika kwa maana kamili. Kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake, na njia anayopita ni moja kwa wachezaji wote. Hata hivyo uzito upo, kwa kuwa msiba hautenduliki na hadithi nzima inalijua hilo. Naitaja kwa sababu ya pili pia: mhakiki wa Kiswahili hawezi tena kudai kuwa utanzu huu hauongei lugha yake.

3.0 Adili na manyani wawili

Kabla ya kufika Ibaba, ni vema tupitie kazi moja ambayo kila msomaji wa makala hii ameisoma. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), wema na uovu vimeandikwa katika majina. Adili ni mwadilifu, na ndugu zake Hasidi na Mwivu hawana pa kujificha. Kwa juujuu, huu ni mfumo uleule wa kipimo cha hadharani: tunajua upande wa kila mmoja kabla hajatenda, na wabaya wanageuzwa manyani kama mchezaji wa upande wa giza anavyogeuka sura.

Lakini kinachoisogeza hadithi ni kitu kingine. Adili analazimika kuwachapa nduguze kila usiku, kinyume cha moyo wake, na analia. Adhabu haikutolewa mara moja ikaisha, inarudiwa. Siri inafichuka kwa kuwa kuna jicho lililoona, na mfalme anataka maelezo. Tangu hapo Adili anakuwa fanani wa maisha yake mwenyewe, naye anasimulia uovu wa nduguze akitamani warudi kuwa watu. Wanaporudi, msamaha wao una thamani kwa sababu kila mtu katika baraza amekwisha kusikia walichofanya. Kama Hasidi na Mwivu wangerudishiwa ubinadamu na wakati huohuo kumbukumbu ya baharini ikafutwa vichwani mwa wote, pasingekuwa na msamaha. Pangekuwa na hitilafu iliyorekebishwa.

Vitu viwili kutoka hapa, yaani tendo linalorudiwa bila malipo na jicho linaloona, ndivyo nilivyovikuta tena mahali ambapo sikuvitarajia.

4.0 Jioni ya kwanza

Vijana wa Tunduma wanaolipia muda katika vibanda vya gemu hucheza zaidi mpira. Gemu ndefu zenye hadithi zinadai Kiingereza kingi na saa nyingi, na kibandani saa ni fedha. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka kumi na minne, alikuwa anaijua mipira hiyo vizuri. Aliponiomba kompyuta nilimfungulia Undertale, gemu ya Toby Fox ya mwaka 2015, hasa kwa sababu ni nyepesi na mashine yangu ni kuukuu. Kiingereza chake hakikutosha, kwa hiyo nilimtafsiria kwa sauti. Mama yangu alikuwa upande wa pili wa moto akichambua maharage, akisikiliza kwa namna wazee wanavyosikiliza, bila kuonekana.

Mtoto wa binadamu anaanguka katika ulimwengu wa chini wanakoishi viumbe wa ajabu. Anapokelewa na Toriel, kiumbe mfano wa mbuzi, anayemshika mkono, anamwokea mkate mtamu na kumwandalia chumba. Mtoto akitaka kuondoka, Toriel anamzuia mlangoni, kwa kuwa watoto wote waliotoka kabla yake walikufa. Lazima wapambane. Gemu imekwisha kumfundisha mchezaji kwamba adui aliyedhoofika anaweza kuachwa hai. Mpwa wangu akafanya kama alivyofundishwa: ampige kidogo, adhoofu, kisha amwache. Kumbe kwa Toriel hesabu ni nyingine. Akishadhoofu, pigo moja linalofuata linakuwa kubwa kupita kiasi, naye anakufa.

Ufundi huu unastahili kusifiwa waziwazi. Mchezaji hakuchagua uovu katika orodha ya kauli. Aliua kwa mazoea, kwa kuamini kwamba nguvu kidogo ndiyo njia ya upole. Sicart (2009) anahimiza mchezaji achukuliwe kuwa mtendaji wa kimaadili, mwenye kuhukumu na kujihukumu, na hapa ndipo niliposadiki, kwani kijana alinyamaza. Bibi yake akauliza kulikoni. Akajibu, "Yule mama amekufa, bibi." Mama yangu akasema pole, kama anavyosema akisikia msiba wa kijiji cha pili.

Kisha kijana akarudi nyuma, pale alipokuwa amehifadhi. Nilimweleza kuwa kuna njia ya kumwacha Toriel bila kumgusa. Njia hiyo inachosha kwa makusudi: mchezaji anabonyeza kitufe cha kuacha, Toriel hajibu, anabonyeza tena, hajibu, anarudia mara nyingi huku akipigwa, na hakuna kipimo chochote kinachomwonyesha kuwa anafanikiwa. Ni usiku wa Adili uliopinduliwa. Adili alirudia kuchapa huku moyo ukikataa, na huyu anarudia kutochapa huku mkono ukitaka. Hatimaye Toriel analegea, anamkumbatia mtoto na kumfungulia njia.

"Ameniachia, bibi, hajafa," kijana akatangaza.

Mama yangu hakuinua kichwa. "Si ulisema umemuua?"

"Nimerudia."

"Umerudia wewe. Mimi nilishamlilia."

Dakika chache baadaye, ua liitwalo Flowey lilijitokeza kwenye kioo na kumwambia mchezaji jambo hilohilo: kwamba linajua alimuua, akajuta, akarudi nyuma kumwokoa. Nilipomtafsiria, kijana aliruka. Aliniuliza kama ua limemsikia bibi.

Nimeisoma na kuisikia mijadala mingi juu ya kipengele hiki cha Undertale, na yote hukieleza kama mbinu ya kiufundi: programu imehifadhi alama mahali ambapo mchezaji hafikii kwa kurudia kwa kawaida. Hiyo ni kweli. Tena inakwenda mbali zaidi. Mchezaji akiua kila kiumbe katika gemu yote, ulimwengu unafutwa na kioo kinabaki cheusi kwa muda mrefu. Akitaka kuurudisha anaitoa roho yake, na tangu hapo hata akicheza kwa wema kamili, hatima njema inatiwa doa. Lakini jioni ile Ibaba ua lilichelewa. Kazi yake ilikuwa imekwisha kufanywa na hadhira. Gemu iliyobuniwa kwa mchezaji mpweke ililazimika kuunda shahidi wa bandia, kwa sababu ilijua hakuna bibi chumbani. Ilipowekwa mahali palipo na watu, ikarudi kuwa kile ambacho Mulokozi anakiita tukio.

Kutokana na hilo, ile shutuma ya kwamba gemu huleta mmomonyoko wa maadili, shutuma ambayo hata baadhi ya wahadhiri wangu huirudia, inahitaji kuulizwa upya. Wanatazama kilichomo katika gemu, kama vile damu na wizi, na kuacha kutazama ni nani aliyeketi karibu. San Andreas inayochezwa mbele ya wakubwa wanaouliza maswali na ileile inayochezwa usiku chini ya blanketi ni matukio mawili tofauti, ingawa programu ni moja. Sidai kwamba bibi anatosha kuwa mwarobaini. Nadai kuwa mhakiki asiyemtaja bibi amehakiki nusu ya kazi.

5.0 Kitufe kisicho na jina

Limebaki suala la tafsiri, ambalo kwangu ndilo gumu zaidi, kwa sababu hapo mkosaji ni mimi.

Kitufe ambacho mchezaji hubonyeza ili asipigane kina jina moja la Kiingereza. Kiswahili kinalitenga katika maneno matatu ambayo hayabadilishani nafasi. Rehema hushuka kutoka juu: kwa Mungu, au kwa mfalme kama Rai. Huruma ni hali ya moyo, na mtu anaweza kuwa nayo huku mkono ukiendelea kupiga. Msamaha ni jibu kwa kosa. Jioni ya kwanza, kwa haraka ya fanani anayekimbizwa na kioo, nilichagua la tatu. Kila zamu nilisema, "Bonyeza msamehe." Mpwa wangu alibonyeza mara nne au tano, kisha akageuka.

"Mjomba, namsamehe kwa kosa gani? Mimi ndiye niliyemuua."

Sikuwa na jibu. Neno langu lilikuwa limempa mtoto cheo cha aliyekosewa na kumvika Toriel uovu wa Hasidi. Yaani katika gemu inayosifiwa kwa kumwachia mchezaji uamuzi, mfasiri alikuwa amekwisha kuamua nani ana hatia, kabla kidole hakijagusa kitufe. Wale wanaokusudia kuzileta gemu hizi katika Kiswahili, na naamini watakuja, watakuta kuwa tawi la kwanza la hadithi limo katika kamusi. Ugumu huo unaongezeka katika Undertale kwa sababu gemu yenyewe hucheza na maneno. Herufi zinazosomeka kama neno la upendo zinafichuliwa na Sans, karibu na mwisho, kuwa ni ufupisho wa kiwango cha ukatili wa mchezaji. Sijapata Kiswahili cha mzaha huo. Nilijaribu "pendo" kwa namna tano na zote zilikufa mezani.

Jioni ya pili nilimkabidhi kijana kazi. Nilimpa kipande cha karatasi, nikamwambia abandike chini ya kioo majina ya vitufe vinne kwa Kiswahili chake, nami nitatafsiri mazungumzo tu. Tatu za kwanza hazikumsumbua: Piga, Fanya, Vitu. Kwenye cha nne alikaa muda, akamuuliza bibi yake unamwambiaje mtu aliyemkamata kuku ambaye hutaki achinjwe. Bibi akajibu bila kufikiri, naye akaandika: Mwache.

Nililiangalia neno lile kama mwanaisimu, kisha kama mhakiki. Ndani ya kitufe kile mna chaguo mbili, kutomdhuru adui na kukimbia, na kitenzi "kuacha" kinazibeba zote mbili. Aidha, hadithi ya Toriel inaliamuru hilohilo: mtoto hawezi kumwacha hai bila pia kumwacha nyuma, peke yake, katika nyumba yenye chumba alichokwisha kuandaliwa. Kiingereza cha mtunzi hakina neno moja linalosema yote hayo, wala tasinifu yangu haikuwa nalo mpaka wiki ile.

Alianza upya tangu mwanzo, kwa mara ya tatu. Alipofika mlangoni kwa Toriel alikuwa akilitamka neno kila alipobonyeza, na kutoka upande wa pili wa moto mama yangu alikuwa akihesabu.